Damu ya Mara ya Pili

2 Juni 1996, Jumapili

Baridi imeingia yenyewe hasa. Mama Ema amerudi kanisani na makoti mawili mwilini, la juu la marehemu mumewe, akanikuta naota moto.

"Luqmani mwanangu, kipupwe cha mwaka huu kitakumaliza."

Nikamwambia cha mwaka jana nacho kiliahidi hivyohivyo. Akacheka mpaka akakaa chini.

Naandika kwa sababu mikono yangu isipofanya kazi inakufa ganzi. Nilisoma Utete mpaka darasa la tano, kalamu si ngeni kwangu. Mimi ni Mndengereko, nilitoka Rufiji nikawa napakia mbao na mahindi kwenye malori pale Makambako, mgongo ulipokataa nikapanda huku juu Njombe, kukata majani na kukamua ng'ombe wa huyu mama. Wako watano. Rozi ni mkubwa wao. Bahati ndiye wa maziwa. Tulizo ni mtamba, bado hajazaa. Jumapili ni ndama aliyezaliwa siku hiyo. Wa mwisho ni Lori, maksai niliyetumwa kumnunua mnadani Makambako wiki iliyopita. Nimemwita hivyo kwa sababu alikuja na lori, amesimama nyuma kama abiria mwenye haraka zake.

Nalala kwenye chumba cha mbao kilichoegemezwa kwenye banda lao. Kati yetu ni ubao tu, tena una nyufa. Pumzi yao inaingia kwangu kama mvuke wa chungu. Hilo ndilo blanketi langu la pili.

Lori anakohoa. Nadhani ni vumbi la njiani.

4 Juni

Ukungu mpaka mchana. Lori anakohoa.

5 Juni

Kicheche amemla kuku aliyekuwa akiatamia. Mama Ema ameyakuta mayai bado yana uvuguvugu, akayafunga kwenye kitenge na kuyatia kifuani, chini ya makoti yote mawili. Anapika nayo, anafagia nayo, anaimba nyimbo za kwaya nayo. Nikamuuliza kama hayamsumbui.

"Kitu hai ukikiacha kwenye baridi hii, asubuhi unazika," akasema. Ni kweli, hata Jumapili alipozaliwa tulimlaza jikoni karibu na mafiga mpaka akakauka.

7 Juni, Ijumaa

Sasa ni Rozi na Jumapili. Makamasi kama maji, macho mekundu, kikohozi kikavu kinachoanzia mbali. Bahati ametoa maziwa kidogo, hata paka ameshangaa.

Mzee Nahumu, jirani, alisimama kwenye ua wa mianzi akiwa na ufagio wake.

"Umetuletea nini kutoka Makambako, wewe Mndengereko?"

"Maksai, mzee."

"Maksai na nini tena?"

Huyu mzee simpendi. Usharika wao una utaratibu wake wa ng'ombe: anayepewa mtamba, ndama jike wa kwanza anampa jirani anayemfuata, na huyo jirani naye hivyohivyo. Lakini hupewi mpaka uwe na banda na majani. Tulizo ni ndama wa kwanza wa Rozi, kwa hiyo ni wa Nahumu. Banda amelijenga tangu mwaka juzi, anangoja Tulizo akue. Kila asubuhi analifagia, banda lisilo na hata kinyesi. Anafagia sakafu safi, anasimama, anaitazama, anaondoka. Nilipokuja nilidhani ana wazimu kidogo. Sasa naona ni roho mbaya, anafagia ili Mama Ema amwone.

Nitakuwa mkweli humu ndani. Pale mnadani niliona pua ya Lori inatiririka. Nilikuwa nimechoka, na lori lilikuwa linapiga honi.

9 Juni

Wote watano wanakohoa. Niliota mto Rufiji umejaa ukungu badala ya maji, na mke wangu Zamda anaupiga kasia.

11 Juni, Jumanne

Mama Ema amemwita Edward, bwana mifugo. Tangu dawa za serikali zikome kugawiwa, naye anaziuza kwenye begi lake, na watu wanasema ndiyo maana ng'ombe hawaponi upesi. Mimi pia nilisema. Alifika na baiskeli, akawapima joto, akaweka sikio lake kwenye mbavu za Rozi na kufumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu nikadhani amesinzia.

"Mama, kuna mambo mawili, na kwa sikio siwezi kuyatenganisha," akasema. "Kuna homa ya mapafu. Ikiwa ndiyo, amri ni moja: wote wanachinjwa, na wa majirani wanapimwa. Au ni kirusi, mafua ya ng'ombe. Hayo wanaambukizana wakikusanywa mnadani na kubanwa kwenye lori. Yanatesa, lakini mwili wenye nguvu unayashinda."

Mama Ema aliweka mkono kifuani, juu ya mayai. "Tuuzie dawa basi."

"Dawa gani? Sindano niliyonayo haiui kirusi. Nitamchoma ndama tu, vijidudu vingine visije vikamwingilia akiwa dhaifu. Wengine nikiwachoma leo nitakuwa nimekuuzia maji."

Hapo nikamtazama upya.

Nikamuuliza kirusi kikoje. Akasema ni kidogo hata darubini ya hospitali haikioni, na hakina maisha yake, kinaishi ndani ya kitu hai tu. Kisha akaingiza vijiti vyenye pamba puani mwao, akavitia kwenye vichupa vyenye maji ya rangi ya waridi. Akatoa damu shingoni. Vyote akavipanga kwenye deli la barafu, barafu aliyoiomba kwenye friji la duka la soda mjini.

"Luqmani, wewe unawajua watu wa magari Makambako. Mimi naitwa kata nyingine. Lifike maabara Dar upesi. Hivi vijiti ndivyo vyenye kirusi chenyewe. Kifike kikiwa hai! Kikifa njiani, hakuna atakayekiona. Na damu isioze."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

12 Juni, Makambako

Niko kwa Rukaiya, mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, aliyekuwa akitukopesha chai enzi za kupakia mbao. Basi la Dar limeharibikia njiani. Abdulsalam, dereva niliyekuwa nikimpakilia, anaondoka alfajiri na lori la mahindi, atalichukua deli.

Njiani nilikuwa namfikiria huyo kirusi. Mtu anasema kifike hai, halafu anakilaza kwenye barafu! Damu sawa, damu ni kama nyama, bila barafu itanuka. Lakini kitu hai? Kwenye baridi hii? Nikasema Edward amechoka, amesahau kuvitenga.

"Lete deli niliweke kwenye friji," Rukaiya akasema.

"Weka damu. Vijiti hapana."

"Kwa nini?"

"Vina roho ndani."

Nikavitia kifuani ndani ya shati, nikafunga shuka juu yake, nikakaa karibu na jiko la mkaa. Rukaiya akawaita wenzake waje waone.

"Jamani, Luqmani ameoa kijiti! Na mahari ametoa ng'ombe watano!"

"Muulizeni kinanyonya saa ngapi," akasema mwingine.

Wacheke. Nimelala nacho kama Mama Ema na mayai yake. Usingizini nilikuwa kwenye mtumbwi, na abiria mdogo sana alikuwa ameketi kwenye goti langu, haonekani, ila nilijua yupo kwa sababu goti lilikuwa na joto. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kuonekana.

13 Juni

Abdulsalam ameondoka. Damu iko kwenye deli. Vijiti kavitia mfuko wa shati upande wa moyo, na amevaa sweta juu. Nimemwapisha.

15 Juni, Jumamosi

Edward alipita. Nilikuwa na furaha, nikamsimulia yote: friji nililolikataa, shuka, jiko, sweta la Abdulsalam. Nilitegemea asifu.

Alikaa juu ya ndoo ya kukamulia, na ndoo ilikuwa na maziwa.

"Luqmani. Kirusi nje ya mwili kinaishi kwenye baridi. Joto ndilo linalokiua."

Nikamwambia haiwezekani, hakuna kitu hai cha namna hiyo. Akaanza kucheka, kicheko kikamgeuka, akafuta macho kwa mkono wa koti. Mama Ema akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

"Kirusi," akasema Edward. "Kimefia kifuani kwa mtu wako, kwa mapenzi."

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Ema alinitazama, akajitazama kifuani, mahali palipokuwa na mayai. "Lakini hata mimi ningefanya hivyohivyo," akasema. Maziwa yalikuwa yanachuruzika chini ya Edward.

Amesema haikuwa haki kutonieleza vizuri. Amesema pia bado kuna damu, ila damu ya siku moja haitoshi. Baada ya wiki tatu inachukuliwa tena kwa ng'ombe walewale, na zinawekwa pamoja. Mwili ukivamiwa na mgeni unajifunza sura yake polepole. Damu ya kwanza bado haimjui. Ya pili, kama ni yeye aliyekuja, inamjua sana. Tofauti hiyo ndiyo inayomtaja mgeni kwa jina.

"Kwa hiyo damu inakumbuka?" nikauliza.

"Inakumbuka kuliko sisi."

17 Juni

Mayai manne yameanguliwa. Vifaranga wanalia ndani ya koti la marehemu.

20 Juni

Habari za Dar zimefika kwa simu ya posta. Vijitini hakuna kilichoonekana. Damu ya kwanza haina homa ya mapafu, ila walisema ni mapema mno, isiaminiwe. Mwenyekiti wa kijiji ametufunga karantini: ng'ombe wasitoke, maziwa yasiuzwe. Jioni nilimwaga maziwa ya Bahati kwenye shimo. Yalikuwa na moshi mweupe, na ukungu ukaja ukayafunika, sikujua kipi kimeingia wapi.

21 Juni

Ukungu. Wanakohoa.

22 Juni

Ukungu. Wanakohoa. Rozi hajacheua.

23 Juni, Jumapili

Jumapili amekufa siku aliyozaliwa. Alikuwa amenyoosha shingo na kufungua mdomo tangu jana, anavuta hewa kama mtu anayevuta maji kwenye kisima kirefu. Nilimshika kichwa. Mwishoni aliacha kuvuta, basi.

Edward alimfungua nyuma ya nyumba. Mwenyekiti alikuwepo, na Mzee Nahumu, na watu wa ng'ombe wa ng'ambo ya bonde. Mapafu ya mbele yalikuwa ya zambarau, mazito kama ini. Ya nyuma yamevimba hewa.

"Homa ya mapafu hiyo," akasema mwenyekiti. "Mimi niliiona Usangu."

"Uliyoyaona Usangu yalikuwa na majimaji ya manjano kifuani, tele, na pafu limegandana na mbavu," Edward akajibu. "Hapa liko huru. Tazama."

"Kwa hiyo unaapa siyo?"

Edward aliangalia kisu chake. "Siapi. Nasema sijui bado."

Nilimheshimu hapo, lakini jibu hilo limetuumiza. Wenye ng'ombe walianza kuongea wote kwa pamoja. Kama ni kuchinja, wachinjwe kabla upepo haujavuka bonde. Na mtu mmoja akasema aliyeleta ugonjwa ni huyu mtu wa pwani, na kama si yeye vijiti vingekuwa vimeshasema zamani. Habari za kijiti zimefika kijiji kizima.

Nahumu alisimama pembeni. Nilijua anafurahi. Halafu nikaona macho yake hayatoki kwenye banda letu, nikakumbuka kwamba wakichinjwa, Tulizo naye anachinjwa.

24 Juni

Nimemzika Jumapili chini ya miti ya miwati. Sikula.

27 Juni, Alhamisi

Mkutano umefanyika kwenye kituo cha maziwa. Wameamua: Jumamosi ya tarehe 13 Julai watakuja kuchinja wote wanne, isipokuwa Dar waseme vingine kabla ya siku hiyo. Shimo nichimbe mimi.

Mama Ema hakulia pale. Alisalimia kila mtu, "Kamwene, kamwene," akatoka taratibu. Njiani akaniuliza, "Lori la Abdulsalam linapita lini? Huna haja ya kuyaona haya, mwanangu. Rudi kwa mkeo."

Nimekuwa nikitaka kusikia maneno hayo tangu nifike kwenye baridi hii. Leo yamenipita kama si yangu.

29 Juni

Nachimba. Udongo huku ni mwekundu na mlaini, unachimbika haraka kuliko ninavyotaka.

1 Julai, Jumatatu

Kesho ni damu ya pili. Leo Edward amekuja amekunja uso: friji la duka la soda limekufa, na umeme mjini unakatika ovyo. Hana barafu. Damu ikipata joto njiani inaharibika, inakuwa nyekundu yote, haisomeki. Hakuna nafasi ya tatu.

Tulikuwa tumesimama uani, tunatoa moshi midomoni kwa baridi, tukitafuta baridi. Mzee Nahumu alikuwa upande wa pili wa mianzi. Alisikiliza, akaenda zake. Akarudi na sufuria mbili na sinia kubwa.

"Chini bondeni, kwenye viazi vyangu," akasema. "Anga ni jeupe, hakuna wingu. Usiku wa leo sakitu itashuka."

Edward akamtazama. "Mzee, maji yataganda vya kutosha?"

"Kila mwaka inaniunguzia viazi. Mwaka huu nayo ifanye kazi."

Tulishuka kabla jua halijazama. Kila chombo cha Mama Ema, cha Nahumu, hata karai langu la kuchanganyia pumba, tukakijaza maji kidogo chini tu, tukakipanga kati ya matuta. Bonde lote likawa na vipande vya mbingu vimelala ardhini.

"Mndengereko," Nahumu akaniita wakati tunapanda. "Kwenu kuna hii?"

"Kwetu hata maji ya kunywa yana joto."

"Ndiyo maana ukafanya ulivyofanya." Alitembea kidogo. "Lakini hata mimi nilipata ndama wa kaka yangu, utotoni, nikalala naye kitandani. Mama alinichapa."

2 Julai

Alfajiri bonde lilikuwa jeupe kwa sakitu, na majani yalivunjika chini ya miguu kama vigae. Ndani ya sinia kulikuwa na kioo. Nahumu alikinyanyua kwa mikono yote miwili, kikamulika uso wake upya kabisa, uso wa mtu niliyekuwa simjui. Tulivunja vipande, tukajaza deli.

Edward alichukua damu: Rozi, Bahati, Tulizo, Lori. Kwa kila mmoja alimwuliza Mama Ema jina na kumtazama tena, kana kwamba anafungisha ndoa. Tulingoja damu ikae. Nyekundu ikashuka chini, juu yakabaki maji ya manjano, safi, kama chai ya rangi.

"Humo ndimo kumbukumbu ilipo," akasema.

Safari hii alikwenda mwenyewe, mimi nikiwa naye.

3 Julai, Makambako

Rukaiya alituona tu akapiga makofi. "Bwana Kijiti! Leo umekuja na mchungaji kabisa?"

"Fungua friji, dada," nikamwambia.

"Hee! Umempa talaka?"

Edward alicheka sana. Friji la Rukaiya linafanya kazi, ana jenereta. Jioni deli likapanda treni ya Dar, mikononi mwa mfanyakazi wa reli anayemfahamu Edward. Tulisimama mpaka taa ya nyuma ikawa punje, kisha ukungu. Malori ya Zambia yalikuwa yakiunguruma barabarani. Nilipitisha miaka hapa nikiyasikia na kusema moja litanirudisha nyumbani. Leo nimeyasikia kama ng'ombe.

5 Julai

Lori hakohoi tena. Wengine wanakohoa.

7 Julai

Rozi amecheua. Mama Ema ameimba.

8 Julai

Hakuna habari.

9 Julai

Hakuna habari. Nahumu amefagia.

10 Julai

Nimekwenda kumtazama anafagia. Nilisimama tu mlangoni. Hakuniona, au aliniona. Banda lina hori la mti mmoja uliochongwa, halina hata kijiti cha majani. Mahali pa kichwa cha ng'ombe ubao umesuguliwa na mkono wake mpaka unang'aa. Niligundua hafagii ili Mama Ema amwone. Kutoka huko ndani nyumba ya Mama Ema haionekani.

12 Julai, Ijumaa

Hakuna habari. Edward ameshinda posta mjini, simu ya Dar haishiki. Nimeswali, nimewasugua wote wanne kwa brashi. Sikutaka wafe wachafu.

13 Julai, Jumamosi

Ukungu wa leo sijauona tangu nije. Nilisikia miguu yao kabla sijawaona. Mwenyekiti, wenye ng'ombe wa ng'ambo, mchinjaji na visu vyake kwenye kiroba. Mama Ema aliketi kizingitini na koti la marehemu.

Mlangoni mwa banda alikuwa amesimama mtu. Nahumu, na kamba mpya begani.

"Mzee, toka," akasema mwenyekiti.

"Mtamba wa humu ni wangu. Kamba yangu hii hapa. Nani amenihukumu mimi?"

"Umehukumiwa kwenye mkutano, ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Sikuulizwa. Sikilizeni kwanza."

"Tusikilize nini?"

"Nyamazeni tu."

Walinyamaza, nadhani kwa sababu ya umri wake. Ukungu ulitufunika sote, nyuso hazikuonekana, yalibaki masikio. Nilingoja kikohozi. Nilikuwa nimekizoea kiasi kwamba nilikisikia hata pasipokuwepo. Kulikuwa na meno yanayosaga, mkia unapiga ubao, Rozi akashusha pumzi ndefu kama mwanamke anayetua kuni. Kikohozi hakikuja.

"Ugonjwa huo hujificha," akasema mtu mmoja.

"Hujificha," Nahumu akakubali. "Na wewe mjomba ulipokohoa kifua mwaka jana, tulikungoja upime kwanza au tulikuletea sanda?"

Mchinjaji ndiye aliyeanza kucheka. Mwenyekiti akakohoa yeye mwenyewe, na hapo wakacheka wote, hata Mama Ema. Wametupa mpaka Jumatatu.

15 Julai, Jumatatu

Edward alikuja akisukuma baiskeli, tairi limepasuka, jasho kwenye baridi yote hii. Hakusalimia.

"Siyo homa ya mapafu. Damu zote tisa hazina."

"Ni nini basi?" Mama Ema akauliza.

"Ni kirusi. Cha mafua. Kina jina refu la Kizungu, nimeliandika mkononi, limefutika. Damu ya kwanza ilikuwa karibu haikijui kabisa. Ya pili, wote wanne, wanakijua sana. Lori ndiye pekee aliyekuwa anakijua kidogo tangu mwanzo."

Kwa hiyo kilipanda na Lori, na mimi nilikiona puani mwake kikitiririka. Nilimwambia Mama Ema hivyohivyo. Akasema na yeye alikiona siku ile ile, akadhani ni vumbi.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuniambia nifukie shimo. Karantini inabaki mpaka tarehe 24 Agosti, Edward hataki haraka.

21 Julai

Nafukia. Udongo umekuwa mzito.

3 Agosti

Bahati amerudisha maziwa yake. Vifaranga wamekuwa na manyoya.

14 Agosti

Abdulsalam amepita na kusema kuna nafasi kwenye lori mpaka Dar, mwisho wa mwezi, na kutoka hapo Utete si mbali. Nimemwambia nitakuja.

25 Agosti, Jumapili

Karantini imeisha jana. Leo baada ya ibada Tulizo amekabidhiwa. Wamejaa uani, kwaya, mchungaji, mwenyekiti na kofia mkononi, Edward amevaa tai. Utaratibu ni kwamba anayepokea analeta kamba yake. Ya zamani inafunguliwa, inabaki upande wa mtoaji. Nilimwongoza mimi, kwa sababu ananizoea. Nahumu alimfunga kamba yake mpya, mikono yake haikuwa na haraka.

Kisha desturi inamtaka aliyepokea ataje jirani atakayempa ndama jike wa kwanza. Watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wamesogea mbele.

"Huyu hapa," akasema Nahumu. "Luqmani."

Kelele zikatokea. "Mzee, si wa usharika huyo!" "Hana hata kibanda cha kuku!" "Si anaondoka wiki hii?"

Mchungaji alisema utaratibu unasema jirani, na anapolala huyu, jirani zake ni akina nani? Nahumu hakungoja mjadala.

"Mimi nilikuwa na banda bila ng'ombe. Yeye miaka yote ana ng'ombe bila banda. Na ajenge."

Mama Ema alinipa kamba ya zamani, ile laini iliyochakaa. Nikaizungusha kiganjani. Kama ningefungua mdomo ningelia mbele ya kwaya.

Tulizo aliingia kwenye banda la Nahumu, akalinusa, akakojoa katikati ya sakafu iliyofagiliwa miaka miwili. Mzee aliitazama ile mikojo inavyosambaa, uso wake kama siku ile na kioo.

27 Agosti

Nimekuwa nikijiuliza: kama damu yangu ingechukuliwa siku nilipopanda gari Utete, kisha leo, na zikawekwa pamoja, zingemtaja mgeni gani? Je, Zamda ataweza baridi hii? Watoto wetu nitawanunulia makoti. Siendi; nitampa Abdulsalam barua akipita, aifikishe kwa Zamda na kuniletea majibu yake mwenyewe.

29 Agosti

Lori la Abdulsalam limeondoka leo asubuhi na barua yangu, bila mimi. Nililisikia likibadilisha gia kwenye mlima, kisha sikulisikia.

Nimekata nguzo nne za mwati, nimezisimamisha kwenye kiwanja alichonionyesha Mama Ema, karibu na ua wa mianzi. Paa bado. Kuta bado. Nahumu alinipitishia ufagio wake juu ya ua. Nimefagia katikati ya nguzo. Hakuna kitu pale, upepo tu, lakini nimefagia mpaka pembeni.